Ganda dogo kuliko punje ya mchanga linawezaje kutueleza joto la bahari ya kale?

Mdadisi aliuliza:

Nawasalimu wanajukwaa. Nina swali ambalo limenikaa kichwani kwa muda mrefu, na ningefurahi likijibiwa na mtu aliyewahi kulishughulikia jambo hili kwa mikono yake.

Mara kwa mara nasoma kwamba maelfu au hata mamilioni ya miaka iliyopita maji ya bahari fulani yalikuwa ya moto au ya baridi zaidi kuliko leo kwa nyuzijoto kadhaa, kwamba oksijeni iliadimika kwenye kina, au kwamba maji yaliongezeka uasidi. Nikifuatilia ushahidi wa madai hayo, naambiwa kuwa umetoka katika maganda ya viumbe wadogo waliozikwa ndani ya tope la sakafu ya bahari. Hapo ndipo ninapokwama. Kipimajoto nakielewa, kwa sababu zebaki hupanuka mbele ya macho yangu. Ganda ni chokaa tu, na aliyelijenga alikufa, akazama kilomita kadhaa, akafukiwa. Habari za joto la maji amezihifadhi wapi?

Isitoshe, kiumbe aliyeelea karibu na uso wa bahari na yule aliyeishi gizani chini kabisa huishia kulala katika tope lile lile, kwa hiyo sielewi mtafiti anajuaje kuwa anasoma habari za juu na si za chini. Na tope lenyewe si sanduku lililofungwa kwa kufuli: minyoo hulifukua, mikondo hulisogeza, na chokaa huyeyuka. Naomba maelezo yasiyoishia kwenye maneno “wanasayansi wamepima”.

Tope la Kina alijibu:

Ndugu Mdadisi, naomba nianze na tope kabla ya ganda, kwa sababu watu wengi hurukia vipimo vya maabara wakasahau kwamba tope lenyewe, hata kabla halijapimwa chochote, limeshasema mengi.

Karibu na nchi kavu sakafu ya bahari hupokea mchanga na udongo unaoletwa na mito. Ukienda mbali, kinachoshuka zaidi ni mabaki ya viumbe wanaoelea: maganda ya chokaa ya foraminifera, ambao ni viumbe wa seli moja, na visahani vya chokaa vya mwani uitwao kokolithofora, ambavyo ni vidogo zaidi kwa mbali, na kwingine hushuka maganda ya silika, yaani madini yanayofanana na kioo, ya viumbe wadogo waitwao diatomu na radiolaria. Penye kina kirefu mno, ambako chokaa haifiki ikiwa salama, hubaki udongo mwekundu mwembamba uliopeperushwa na upepo kutoka mabara ya mbali. Mgawanyo huu ulianza kuchorwa ramani baada ya safari ya meli ya Uingereza iliyoitwa Challenger, iliyozunguka bahari kuu kuanzia mwaka 1872 hadi 1876 ikichota tope la sakafuni kila iliposimama.

Kwa hiyo ukikuta tabaka nene la diatomu mahali ambapo leo hawapatikani kwa wingi, umeshajua kwamba zamani maji ya hapo yalikuwa na rutuba, pengine kwa sababu maji ya kina yalikuwa yakipanda juu na virutubisho vyake. Ukikuta kokoto katikati ya tope laini, kilomita mamia kutoka pwani yoyote, jiulize zilifikaje. Mkondo unaoweza kubeba kokoto ungekuwa umelisomba tope lote kwanza. Zilibebwa na milima ya barafu iliyoelea, ikayeyuka njiani na kuangusha mzigo wake. Mwaka 1988 Hartmut Heinrich alieleza matabaka ya namna hiyo katika Atlantiki ya Kaskazini, na leo tunajua kwamba wakati wa zama za mwisho za barafu zilikuwapo nyakati ambapo makundi makubwa ya barafu yalimeguka kutoka Amerika ya Kaskazini na kumwagika baharini. Hakuna isotopu (atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito) wala hesabu ngumu hapo, ni kokoto tu zilizokutwa mahali pasipo pake.

Kuhusu umri: tope la maganda hurundikana kwa sentimita moja hadi chache katika kila miaka 1,000, na udongo mwekundu hata milimita moja tu au kiasi cha hapo. Bomba likishindiliwa sakafuni na kupandishwa na nguzo ya tope ya mita 10, umepandisha mamia ya maelfu ya miaka kwa mkupuo mmoja. Mabomba ya zamani yaliyozama kwa uzito wao tu hayakupata nguzo ndefu, kwa kuwa tope lililoingia liliziba na kusukuma lililofuata pembeni. Börje Kullenberg wa Sweden aliweka pistoni ndani ya bomba ili tope livutwe badala ya kukandamizwa, na meli ya Albatross ikalitumia bomba hilo katika safari yake ya 1947 hadi 1948. Kuanzia 1968 meli ya Glomar Challenger ilianza kuchimba kwa keekee hadi mamia ya mita chini ya sakafu. Umri wa matabaka ya juu hupimwa kwa kaboni 14, aina ya kaboni inayopungua kwa kasi inayojulikana, ambayo hukoma kutumika karibu na miaka 50,000. Chini ya hapo tunategemea, pamoja na mambo mengine, chembe za sumaku zilizomo ndani ya tope, ambazo zinaonyesha kwamba ncha za sumaku za dunia ziligeuka kwa mara ya mwisho karibu miaka 780,000 iliyopita.

Hadubini alijibu:

Nimekaa miaka kadhaa nikiokota maganda haya, kwa hiyo niruhusuni nianzie mezani.

Nguzo ya tope ikifika maabara hukatwa vipande vya sentimita moja au mbili, kila kipande kikaandikiwa kina chake, kisha kikaoshwa kwa maji juu ya chekeche ambalo matundu yake hayafiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Udongo hupita ukaenda zake. Kinachobaki, kikishakauka, kinafanana na mchanga mweupe laini ambao mtu asiyejua angeupangusa mezani kwa kiganja. Ukiunyunyiza kwenye kisahani cheusi na kuutazama kwa hadubini, huo mchanga hauuoni tena: unaona vyumba vya duara vilivyoshikamana kama kichala, vingine vimejipinda kama konokono, vingine ni bapa na vinang’aa kama kaure. Unachukua brashi ya nywele chache, unailowesha ncha, na unaokota ganda moja moja hadi utimize idadi unayoihitaji. Ukipiga chafya, kazi ya asubuhi nzima imeondoka.

Hapo hapo mezani ndipo swali lako la juu na chini linapojibiwa, kwa kuwa aina hizi hazifanani. Waliozoea kuelea wana vyumba vilivyovimba na kuta zenye matundu mengi. Globigerinoides ruber, kwa mfano, huishi karibu na uso wa bahari zenye joto, na baadhi yao bado wana rangi ya waridi hata baada ya kuzikwa. Waliokaa sakafuni ni tofauti kabisa: Cibicidoides wuellerstorfi ni bapa upande mmoja na ganda lake ni gumu zaidi. Tunajua makazi yao kwa sababu jamaa zao wangali hai, wanakamatwa kwa nyavu katika vina mbalimbali, na maganda yanayoshuka yanakingwa kwa mitego inayoning’inizwa majini kwa miezi. Kwa hiyo kule kuchanganyika unakokuhofia, Ndugu Mdadisi, ni faida kwetu: pinchi moja ya tope inakupa habari za uso wa bahari na za sakafu yake katika wakati mmoja.

Hata kuhesabu aina peke yake kunatosha kueleza mengi. Kuna kiumbe aitwaye Neogloboquadrina pachyderma ambaye ganda lake hujipinda kuelekea kushoto na ambaye hushamiri katika maji ya ncha za dunia. Ukipanda tabaka kwa tabaka na kuona kwamba wa kushoto wanapungua na nafasi yao inachukuliwa na ndugu yao anayejipinda kulia, maji yamepata joto. Kwa muda mrefu hao wawili walidhaniwa kuwa aina moja inayobadili upande kwa sababu ya baridi. Uchunguzi wa vinasaba ndio ulioonyesha kuwa ni aina mbili. Kipimo kilikuwa kikifanya kazi vizuri hata wakati maelezo yake yalikuwa na kasoro, jambo ambalo hutokea katika kazi hii mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Sasa joto lenyewe. Chokaa ya ganda ina oksijeni ndani yake, na oksijeni ina atomu nyepesi, yaani oksijeni 16, na nzito, yaani oksijeni 18, ambayo ni takriban atomu 2 tu katika kila 1,000. Kiumbe anapojenga ganda, chokaa hupokea ile nzito kwa uwiano mkubwa kidogo kuliko uliomo katika maji, na upendeleo huo huongezeka kadiri maji yanavyopoa. Harold Urey alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1947. Tofauti ni ndogo mno, karibu sehemu 0.2 kwa elfu kwa kila nyuzijoto moja, ndiyo maana ilibidi itengenezwe mashine ya kupimia uzito wa atomu kwa usahihi ambao haukuwahi kuhitajika kabla ya hapo. Cesare Emiliani, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na kundi la Urey huko Chicago, alipima maganda ya nguzo za tope kutoka Karibi na Atlantiki, na mwaka 1955 akatoa mchoro wa mawimbi ya joto na baridi yaliyofuatana. Vitabu vya wakati huo vilihesabu zama nne tu za barafu, kwa kufuata alama za nchi kavu. Mawimbi ya Emiliani yalikuwa mengi zaidi. Sababu ni rahisi kuielewa: barafu ya nchi kavu inaporudi, hufuta alama ilizoacha mara ya kwanza, lakini tope la bahari hurundikwa juu ya lililotangulia bila kulifuta.

Mdadisi aliandika:

Nawashukuru nyote wawili. Hadubini, nimeisoma aya yako ya mwisho mara tatu, na kuna jambo linalonisumbua. Umesema chokaa huchukua oksijeni nzito kwa kulinganisha na maji. Je, maji yenyewe hayabadiliki? Nijuavyo, maji mepesi ndiyo huvukizwa kwanza. Kama mvuke huo uligeuka theluji ukakaa juu ya mabara kwa maelfu ya miaka, bahari iliyobaki ilikuwa nzito zaidi hata kabla kiumbe hajaanza kujenga ganda lake. Hapo ganda zito lina maana ya baridi, au lina maana ya barafu?

Mizani alijibu:

Umegusa penyewe, na usione haya kuuliza, kwa sababu swali hilo ndilo lililowashughulisha wataalamu wakubwa kwa zaidi ya miaka 10.

Ulivyosema ndivyo ilivyo. Mvuke huondoka na maji mepesi zaidi, na kadiri mawingu yanavyosafiri kuelekea kwenye ncha za dunia, maji mazito yaliyomo hunyesha njiani, hivyo theluji inayofika mwisho wa safari ni nyepesi mno. Karibu miaka 20,000 iliyopita barafu iliyofunika Kanada na Skandinavia ilikuwa na unene wa kilomita kadhaa, na maji yaliyofungwa ndani yake yalitoka baharini, kiasi kwamba usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa takriban mita 120. Bahari iliyobaki ilikuwa nzito. Tatizo ni kwamba baridi na barafu zote husukuma kipimo upande ule ule, kwa hiyo ukilitazama ganda la juu pekee huwezi kuzitenganisha. Emiliani alilijua hilo vizuri. Alikadiria kwamba sehemu ya barafu ni ndogo, na akalihesabu badiliko kubwa lililobaki kuwa ni joto.

Nicholas Shackleton wa Cambridge, katika makala yake ya 1967, aliuliza swali ambalo ukishalisikia unashangaa kwa nini halikuulizwa mapema: je, maganda ya sakafuni yanasemaje? Maji ya kina kirefu leo yana nyuzijoto chache tu juu ya sifuri, na maji ya bahari huganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Hayana nafasi ya kupoa sana. Kama badiliko katika ganda linatokana na joto, basi maganda ya sakafuni yanapaswa kuonyesha badiliko dogo kuliko ya juu. Alipoyapima, alikuta badiliko lao linakaribia kulingana na la maganda ya juu. Maji ya kina yasingeweza kupoa kiasi hicho bila kugeuka barafu, kwa hiyo lililobadilika zaidi ni maji yenyewe. Mchoro ambao Emiliani aliusoma kama historia ya joto ukawa kwa sehemu kubwa historia ya ujazo wa barafu duniani. Kupanda na kushuka kwa mstari kulibaki vile vile; jina lililoandikwa pembeni mwa mstari ndilo lililobadilika.

Naongeza kwamba Shackleton naye alivuta kamba kidogo kupita kiasi. Baadaye watafiti walikamua maji ya kale yaliyonaswa kati ya chembe za tope, yaani maji ya bahari ya zama za barafu yenyewe, na ikaonekana kwamba barafu ilichangia karibu sehemu moja kwa elfu. Kilichobaki katika maganda ya sakafuni ni baridi ya kweli, kwani maji ya kina yalikuwa yamekaribia kabisa kuganda. Kwa vyovyote vile, mchoro uliposahihishwa ulifungua mlango mkubwa. Mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Shackleton walionyesha, kwa nguzo za tope kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, kwamba mawimbi hayo yana vipindi vya karibu miaka 100,000, 41,000 na 23,000, ambavyo vinaendana na mabadiliko ya umbo la njia ya dunia kulizunguka jua, mwinamo wa mhimili wake na kuyumba kwa mhimili huo.

Siku hizi hatutegemei shahidi mmoja. Ganda lile lile lina magnesi kidogo iliyoshika nafasi ya kalisi, ambayo ni sehemu ya chokaa, na kiasi cha magnesi hiyo hupanda kwa karibu asilimia 9 kwa kila nyuzijoto moja. Ukipata joto kwa magnesi, ukaliondoa katika hesabu ya oksijeni, unachobaki nacho ni habari za maji. Pia kuna mafuta ya mwani, molekuli ndefu zenye atomu 37 za kaboni ambazo muundo wake mwani huubadilisha kadiri maji yanavyopata joto, nazo hazina chokaa hata kidogo, kwa hiyo udhaifu wake si ule wa ganda. Mashahidi wasiofahamiana wakisema jambo moja, unaanza kuamini. Wakitofautiana, kazi inaanza upya, na mara nyingi mwenye kosa ni magnesi, kwa sababu sehemu za ganda zenye magnesi nyingi ndizo huyeyuka kwanza na ganda lililoliwa hivyo husema kwamba maji yalikuwa ya baridi kuliko yalivyokuwa.

Mwamba Mkongwe alijibu:

Ndugu zangu, mmezungumza kana kwamba historia yote iko chini ya bahari ya leo. Sakafu ya bahari huzaliwa katikati ya bahari na kuzama chini ya mabamba mengine ya gamba la dunia, kwa hiyo mashapo yaliyo bado kwenye sakafu ya bahari kuu hayazidi kwa kawaida umri wa miaka milioni 200 hivi. Anayetaka bahari za kabla ya hapo lazima apande nchi kavu na kuzitafuta katika miamba iliyokuwa tope zamani.

Huku tunaanza na viumbe wenyewe. Matumbawe yanayojenga miamba leo huhitaji maji ya vuguvugu, maangavu na yenye kina kifupi ili mwani uliomo ndani yao upate mwanga, na visukuku vyao vikipatikana tunatafuta dalili nyingine zinazokubaliana na hilo. Mawe ya chokaa ya mapiramidi ya Giza yamejaa visukuku bapa vya mviringo kama sarafu ndogo. Hao ni namulaiti, foraminifera wakubwa wanaoonekana kwa macho matupu, na wingi wao unatuambia kwamba mahali hapo palikuwa bahari ya joto yenye kina kifupi, zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita.

Tumbawe lina jambo jingine ninalolipenda. Ukuta wake hukua kwa mistari miembamba mno, inayodhaniwa kuwa mmoja kwa siku, iliyokusanyika katika mikanda ya mwaka. Mwaka 1963 John Wells alihesabu mistari hiyo katika matumbawe ya kipindi cha Devoni, zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita, na kwa wastani alipata karibu 400 kwa mwaka. Urefu wa mwaka haukuwa tofauti, bali siku ndizo zilizokuwa fupi, kwani mvuto wa mwezi na maji kujaa na kupwa vimekuwa vikiipunguza dunia kasi ya kujizungusha.

Na kuhusu isotopu, Urey na wenzake mwaka 1951 walimpima belemnaiti, jamaa wa ngisi aliyeishi kipindi cha Jurasi, zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita, kwa kulichuna ganda lake tabaka baada ya tabaka kutoka katikati kwenda nje. Waliona majira yakipishana, wakaandika kwamba aliishi karibu miaka minne, kwamba utotoni alikaa katika maji ya joto zaidi kuliko uzeeni, na kwamba alikufa majira ya kuchipua. Sijui kipimo kingine kilichowahi kumkaribia mnyama mmoja wa kale kiasi hicho. Tahadhari yake ni kwamba mwamba wa umri huo umepitiwa na maji ya ardhini na joto la chini, na chokaa ikiyeyuka na kuganda upya hubeba isotopu za maji hayo mageni. Ganda linaweza kubaki na umbo lake zuri huku habari zake zote zimebadilishwa. Ndiyo maana kwanza tunalitazama kwa hadubini kuona kama fuwele zake ni za awali.

Tope la Kina aliandika tena:

Nimeona swali la minyoo na la chokaa kuyeyuka bado halijapata haki yake.

Minyoo na wanyama wengine wachimbao huvuruga karibu sentimita 10 za juu. Tope likirundikana sentimita 2 kwa miaka 1,000, kila kipande unachokipima ni mchanganyiko wa miaka elfu kadhaa, na hakuna ujanja wa kupata karne moja moja humo. Anayetaka miaka huenda mahali ambapo minyoo haiwezi kuishi. Katika bonde la Cariaco, mbele ya pwani ya Venezuela, maji ya chini hayana oksijeni, kwa hiyo tope hutua na kubaki lilivyo, likiwa na mistari ya rangi nyepesi na nyeusi inayofuata majira. Kutokuwapo kwa mashimo ya minyoo ni habari pia. Karibu miaka milioni 94 iliyopita tope jeusi lenye mistari lililojaa mabaki ya viumbe yasiyooza lilitanda katika sehemu nyingi za bahari, na hiyo ni dalili kwamba oksijeni ilikuwa imekwisha katika maeneo mapana ya kina.

Kuhusu kuyeyuka, fikiria mlima mrefu wenye theluji kileleni. Milima ya chini ya bahari iko hivyo hivyo: vilele ni vyeupe kwa chokaa, na chini ya kina fulani, ambacho leo kwa kawaida ni kati ya mita 4,000 na 5,000, weupe unakoma, kwani maji ya huko ni ya baridi, yana shinikizo kubwa na kaboni dioksidi nyingi iliyoyeyuka. Mstari huo ukipanda au kushuka, ujue kemia ya bahari imebadilika. Mwaka 2003 nguzo kadhaa zilichimbwa kwenye mgongo wa Walvis, safu ya milima ya chini ya bahari kusini mwa Atlantiki, katika vina tofauti. Ukizitazama nguzo hizo kuanzia chini kwenda juu, tope ni jeupe lenye maganda, kisha ghafla, kama lililokatwa kwa kisu, linageuka udongo mwekundu wa giza usio na chokaa, halafu weupe unarudi polepole. Mkato huo una umri wa miaka milioni 56. Wakati huo kaboni nyingi iliingia angani na baharini, dunia ikapata joto la nyuzi 5 au zaidi, na ule mstari wa chokaa ukapanda kwa zaidi ya kilomita 2. Kati ya foraminifera wa sakafuni, asilimia 30 hadi 50 ya aina zilitoweka. Na hali ya kawaida ilichukua zaidi ya miaka 100,000 kurudi.

Hivyo chokaa iliyoyeyuka inakunyima joto la maji, lakini inakupa uasidi wake. Siku hizi uasidi hupimwa pia kwa isotopu za boroni katika maganda yaliyosalia.

Mdadisi aliandika:

Nimeridhika kuliko nilivyotarajia, na mkato ule mwekundu sidhani kama utanitoka akilini. Naomba moja la mwisho kwa Hadubini: kama kila kipande cha tope ni mchanganyiko wa miaka elfu kadhaa, je, ganda moja moja nalo limechanganyika?

Hadubini alijibu:

Ganda halichanganyiki, tope ndilo linalochanganyika. Foraminifera wengi wanaoelea huishi wiki chache tu, kwa hiyo kila ganda limeshika hali ya maji ya wiki hizo na si zaidi. Zamani mashine zilihitaji maganda mengi yasagwe pamoja ili kipimo kimoja kipatikane, na tofauti zote zilimezwa humo. Sasa tunaweza kupima ganda moja peke yake. Ukiokota maganda 60 au 70 ya aina moja kutoka kipande kimoja cha sentimita moja na kuyapima moja moja, unaona yametawanyika: mengine ya wiki za baridi, mengine ya joto kali, na upana wa mtawanyiko huo unakuonyesha jinsi majira na miaka ilivyotofautiana katika bahari ile. Lililobaki kufichika ni mpangilio. Wiki zilikuwa za namna gani tunajua. Ipi ilitangulia na ipi ilifuata, minyoo wameshaivuruga.